Wagonjwa wa Quakers Hill

"Wiki ya kwanza nitaumwa mimi," Balagizi alisema, akikunja suruali ya suti yake nyeusi. "Wiki ya pili utaumwa wewe. Siku tukirudi, wote tumepona."

Mkewe Léocadie alikuwa amekalia sanduku ili lifungike. "Na kama mtu anataka kuja kutusalimia?"

"Nani anasalimia mtu wa corona? Ndiyo maana nimechagua hiyo. Ingekuwa malaria, wangekuja. Ingekuwa mgongo, wangekuja na mafuta ya kuchua. Corona, kila mtu anabaki kwake."

"Papa Aksanti, hiyo ni uongo."

"Ni kunyamaza tu. Uongo ni ule wa kuumiza mtu."

Aksanti, binti yao wa miaka kumi na saba, alikuwa amesimama mlangoni na kipande cha mkate mdomoni. Aliuliza kwa Kiingereza kwa nini wasiseme tu kwamba wanakwenda likizo. Shuleni kwake kila mtu anasema. Wengine wanaweka picha za masanduku kabla hata ya kufika uwanja wa ndege.

Wazazi wake walitazamana. Kwao Kivu, mashariki mwa Kongo, mtu hatangazi safari. Unafunga mzigo kimya, unaondoka, na ukishafika ndipo unapiga simu. Safari iliyotangazwa hushikwa miguu. Balagizi alikuwa shemasi, hakuamini uchawi hata kidogo, lakini hilo aliliamini.

Tena palikuwa na sababu nyingine, ambayo hakuna aliyeitaja chumbani humo. Jumapili tatu nyuma, kanisa lilipokuwa likichangia watu waliokimbia vita huko Rutshuru, Balagizi alikuwa amesimama mbele na kusema, "Ndugu zangu, mwaka huu tusile raha kabla wenzetu hawajala chakula." Maneno yalimtoka vizuri. Kanisa zima liliitikia amina. Akaketi, na moyoni akakumbuka meli.

Meli yenyewe, ya kutembeza watalii bandari za Ulaya, waliilipia mwaka 2019, kwa safari za usiku ambazo Balagizi aliendesha lori mwaka mzima, ili miaka ishirini na mitano ya ndoa yao isipite kama siku nyingine. Mwaka 2020 meli haikung'oa nanga. Mwaka 2021 Waaustralia walifungiwa ndani ya nchi yao. Sasa ilikuwa Juni 2022, na kampuni ilikuwa imewaandikia kwamba wasiposafiri mwaka huu, pesa imepotea.

"Haya," Léocadie alisema, akishuka kutoka juu ya sanduku. "Lakini ni wewe utaandika kwenye kundi."

Balagizi akaandika kwenye kundi la WhatsApp la kanisa: *Shalom. Nimepimwa, niko na corona. Tunajifungia nyumbani. Mutuombee.* Mchana huohuo wakaenda kwenye duka la dawa kupimwa kwa ajili ya safari, na wote wawili wakapewa karatasi inayothibitisha kwamba hawana ugonjwa wowote.

Kabla hawajafika kwenye gari, simu ya Balagizi ilikuwa imelia mara kumi na moja. Amina. Pole Papa. Damu ya Yesu. Ujumbe wa mwisho ulikuwa wa Maman Emerance: *Musijali chakula.*

*

Walipanda meli Copenhagen. Ilikuwa saa tatu za usiku na jua lilikuwa bado linawaka, kana kwamba limesahauliwa. Léocadie alisimama kwenye sitaha akilitazama, akiwa amejifunika koti la baridi alilolivua Sydney na kulivaa tena hapa, kwa sababu majira ya joto ya watu hawa yalikuwa sawasawa na baridi ya Quakers Hill, mtaa wao wa Sydney.

"Inazama saa ngapi?"

"Wanasema inazama kidogo tu, halafu inarudi."

"Kama wewe na kazi," Léocadie alisema, na Balagizi akacheka mpaka watu wakageuka.

Kwa miaka kumi alikuwa akibeba makontena kutoka bandari ya Port Botany hadi maghala ya Wetherill Park. Ubavuni mwa makontena hayo alisoma majina ya miji, na juu ya karatasi zake majina mengine, na kila alipongoja zamu yake getini alijiuliza nani kule ng'ambo aliyefunga mlango wa kontena kwa mara ya mwisho. Wenzake walitaka kuona Dubai. Yeye alitaka kuona upande wa pili wa kazi yake.

Usiku wa tatu ulikuwa usiku wa mavazi rasmi. Balagizi alivaa suti yake nyeusi, shati jeupe na tai ndogo. Léocadie alivaa kitenge cha rangi ya machungwa, na mkono wake wa kulia ulipokataa kupanda ili afunge kilemba, Balagizi alimfungia. Bega la mkono huo liliharibika katika nyumba ya wazee anakofanya kazi, siku alipomdaka mzee mmoja asianguke.

Walipokuwa wakingoja meza, mama mmoja mwenye shanga nyeupe alimgusa Balagizi kiwiko. Alimwomba chupa nyingine ya maji, isiyo na gesi, na kama inawezekana haraka kidogo.

Balagizi alisema, "Yes, madam," akaenda.

Alimkuta mhudumu, kijana Mfilipino, akaomba maji, akayapeleka mwenyewe, akayamimina. Aliporudi, mkewe alikuwa amevimba kwa hasira.

"Wewe ni mfanyakazi hapa?"

"Alikuwa na kiu."

"Balagizi! Tumelipa kama yeye!"

"Najua tumelipa. Ungetaka nimwambie nini? Mama, mimi niko abiria, kufa na kiu yako?"

Léocadie alitaka kukasirika zaidi, lakini kicheko kilimshinda. Baadaye yule mama aliwaona wamekaa meza ya karibu na dirisha, wakihudumiwa, akawa mwekundu hadi masikioni. Alikuja kuomba radhi, akashikashika shanga zake, akasema ni hizi barakoa, mtu haoni vizuri. Balagizi hakuwa na barakoa wakati ule, wala mama huyo. Balagizi akamjibu kwamba hakuna neno. Yule mama alipoondoka, Balagizi alikula samaki wake polepole.

"Imekuuma," mkewe alisema.

"Kidogo." Akatazama nje, ambako bahari ilikuwa nyeupe kama maziwa. "Lakini niko hapa, Léo. Hata kama wananituma maji, niko hapa."

*

Quakers Hill, chakula kilikuwa kimeanza kufika.

Siku ya kwanza ilikuwa sombe, majani ya muhogo, kwenye sufuria ya bluu. Siku ya pili maharagwe na ndizi. Siku ya tatu Papa Révérien, Mrundi aliyekuwa na gari la kusambaza samaki, aliacha tilapia sita wakubwa kwenye sanduku la barafu, akarudi nyuma hadi barabarani na kupiga kelele, "Shemasi! Kula kichwa! Nguvu iko kichwani!"

Kila mmoja alifanya hivyohivyo. Aliweka sufuria kizingitini, akabonyeza kengele, akakimbilia nyasini na kungoja mtu ajitokeze. Aksanti alifungua mlango nusu, barakoa usoni.

"Papa anaendeleaje?"

"He's okay, Uncle. Amelala."

"Na Maman?"

"Amelala pia."

Alikuwa mtoto aliyefundishwa kutosema uongo, na waliomfundisha ndio waliomwachia kazi hii. Kila aliposema "amelala" alihisi shingo ikipata moto. Alibeba sufuria jikoni, akahamishia chakula kwenye vibakuli, akavipanga ndani ya friza, akaosha sufuria na kuirudisha nje. Halafu akajipikia tambi za dakika mbili.

Aliyepanga haya yote alikuwa Maman Emerance. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitano, mfupi, mwenye sauti ya kuamsha kwaya. Aliwapigia watu mmoja baada ya mwingine. "Wewe utapika Jumanne. Usilete sombe ya kopo, ule Papa ni mgonjwa. Nani? Uko na kazi? Kila mtu iko na kazi."

Hakuna aliyethubutu kumkatalia. Kila mtu alikumbuka mwaka uliopita, wakati Sydney ilipofungwa na askari wakapita mitaani mwao, na mumewe Bisimwa akachukuliwa na ambulensi huku akisema atarudi kesho. Hospitali haikumruhusu Emerance kuingia. Alisimama kwenye maegesho, muuguzi mwenye huruma akasogeza kitanda cha Bisimwa karibu na dirisha la juu, na Bisimwa akainua mkono. Kwa siku nne zilizofuata alipopiga simu aliambiwa amelala. Siku ya tano waliacha kusema hivyo. Mazishini waliruhusiwa watu kumi tu.

Miezi miwili baada ya hapo, kila jioni, mtu alikuwa akiacha chakula mlangoni pa Emerance. Alikuwa Léocadie, akitoka kazini, bega likimuuma, sufuria mkono wa kushoto.

*

Ni huko Helsinki ambako Balagizi aliiona bandari yake. Wenzao walifuata mwongozaji kwenda kuona kanisa jeupe lenye ngazi nyingi. Yeye alibaki kwenye ukingo wa meli akitazama mtambo wa njano ukinyanyua kontena, ukilishusha juu ya trela taratibu, bila kishindo.

"Léo, njoo uone. Angalia dereva. Anangoja, hatoki kwenye gari. Sisi kule tunatoka. Hapana, ngoja, ametoka! Ametoka, anakagua kufuli!"

"Nimelipa kuja Ulaya kuona kufuli?"

"Anapiga kufuli teke! Na mimi napiga teke!"

Alimpungia yule dereva kwa mikono yote miwili. Yule mtu, mdogo kama punje kutoka pale juu, alitazama huku na huku, akaona ni yeye anayepungiwa, akainua kofia yake ya plastiki. Macho ya Balagizi yakajaa machozi, na hakuyaficha. Léocadie akamshika mkono, akaacha kutania. Walikwenda pamoja kwenye soko la pembeni ya maji, wakanywa supu ya samaki yenye maziwa, wakakubaliana kwamba inahitaji pilipili, wakamshukuru Mungu kwa hiyo supu.

Intaneti ya melini ilikuwa ghali mno, kwa hiyo walifungua simu bandarini tu. Aksanti alikuwa ameandika: *So much food. Auntie Emerance anauliza kila siku. Mum, sipendi hii.*

"Jumatatu nianze kuumwa," Léocadie alisema, na hakutabasamu.

*

Wiki ya kwanza ya Julai mvua ilinyesha magharibi mwa Sydney kana kwamba imeapa. Mito ilifurika, barabara zikafungwa, shule zilikuwa likizo. Kwenye kundi la kanisa Balagizi alikuwa ameandika kwamba yeye ana nafuu, lakini sasa Maman amepimwa na ameshikwa. Maman Emerance alisoma ujumbe huo akiwa kazini, akavua aproni.

Aksanti alisikia kengele. Alipofungua hakukuta sufuria. Emerance alikuwa amesimama nyasini, mwavuli mweusi juu ya kichwa, viatu vimezama majini.

"Sitaki kuingia," Emerance alisema. "Najua sheria. Mwambie mama yako asogee kwenye dirisha. Anipungie tu. Anipungie mara moja, niende."

"Auntie, amelala."

Emerance hakuondoka. "Nitangoja aamke."

Aksanti alifunga mlango. Alichungulia. Dakika zikapita, mvua ikazidi, na yule mama akawa bado pale, anahamisha mwavuli kutoka mkono huu hadi mwingine. Jirani wa Kiaustralia alitoka kutazama, akarudi ndani. Aksanti alipiga simu ya mama yake. Ilikuwa imefungwa, meli ilikuwa baharini.

Ndipo akaingia chumbani kwa wazazi wake. Alichukua kitenge cha mama yake, akajifunga kichwani, akavaa gauni lake la kulalia. Akasimama nyuma ya pazia jepesi la sebuleni, taa imezimwa, na akainua mkono wa kulia juu, akapunga.

Emerance alitazama. Aliinua mkono wake naye, nusu, ukabaki hewani. Halafu akageuka na kwenda kwenye gari, haraka, bila kuaga.

Aksanti alikaa sakafuni na kitenge kichwani, akalia kwa sauti.

*

Mkono wa kulia wa Léocadie haukuwa umepanda juu ya kifua chake tangu mwaka 2018. Emerance alilijua bega lake. Alikuwa akilichua kila Jumapili baada ya ibada, nyuma ya meza ya chai.

Alikaa ndani ya gari lake bila kuwasha injini. Aliyepunga alikuwa mtoto. Kwa nini mtoto apunge badala ya mama yake? Emerance hakuweza kupata ila jibu moja, na jibu hilo lilikuwa na kitanda cha hospitali ndani yake. Akampigia Chebet, Mkenya, mwenzao wa kanisani, aliyekuwa muuguzi.

"Chebet, dada yangu, angalia kwenye kompyuta kama Léocadie ameingizwa hospitali."

"Ai, Mama Emerance! Siwezi kufungua jina la mtu hivyo. Watanifuta kazi leo leo."

"Sikuulizi siri. Niambie tu yuko hai."

"Kwanza pumua. Unalia?"

"Wamemwachia mtoto uongo wa kubeba. Najua hiyo. Na mimi waliniambia amelala."

Chebet alishusha sauti. "Sikiza. Usinipigie mimi, wala usipige polisi. Rudi ugonge mlango. Gonga mpaka akufungulie. Huyo ni msichana tu, na yuko peke yake na hiyo kitu, vyovyote iko."

Emerance alirudi. Hakusimama nyasini tena. Aligonga kwa ngumi.

"Aksanti, fungua."

"Auntie, we're isolating."

"Nimechanjwa mara tatu. Fungua, mtoto wangu. Mama yako iko wapi? Usiniambie amelala."

Mlango ulifunguka. Msichana alikuwa bado na kitenge kichwani, kimeanguka upande mmoja.

"Wako Stockholm," alisema. "Au watafika kesho."

"Stockholm ni hospitali ya wapi?"

"Si hospitali, Auntie. Ni mji. Wako Ulaya. On a cruise. Meli ya kutembeza watu."

Emerance alishika ukuta. "Wanakohoa?"

"Hapana."

"Wanapumua vizuri?"

"Auntie, they're fine. Dad ameongezeka kilo."

Emerance aliteleza taratibu hadi akakaa juu ya rundo la viatu mlangoni. Mwavuli ukamwaga maji kwenye zulia. "Wamenidanganya," alisema, kwa sauti ndogo. Halafu kwa sauti kubwa, akipiga makofi, machozi na maji ya mvua vikichanganyika kidevuni, "Wamenidanganya! Asante, Yesu! Wamenidanganya!"

Aksanti alimwogopa. Kisha akaanza kucheka naye, kwa sababu hakujua afanye nini kingine, na wakacheka wote wawili juu ya viatu vya watu waliokuwa baharini.

Kicheko kilipita. Emerance alijifuta uso, akasimama, na sura yake ikabadilika. Aliingia jikoni. Juu ya jiko palikuwa na sufuria ndogo ya tambi.

"Na chakula yetu?"

Aksanti alifungua friza. Vibakuli vilijaa hadi juu, na juu ya kila kimoja ameandika jina la aliyeleta. "Sikuweza kula. Ilikuwa kama kuiba."

Emerance alitazama vile vibakuli kwa muda. Mtoto huyu alikuwa amekula tambi wiki nzima mbele ya karamu. Alitoa kibakuli cha sombe, akakiweka kwenye sinki kiyeyuke, akatafuta unga.

"Utawaambia umejua?" Aksanti aliuliza.

"Hapana. Na wewe usiwaambie. Wamalize safari yao. Mtu akipewa bahari, aione yote." Alisonga ugali kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Lakini nataka waseme wenyewe, kwa mdomo wao, bila mtu kuwashika shati. Wasiposema, nitajua nilikuwa nawapikia watu gani."

Usiku huo alilala pale, na usiku mwingine wote uliofuata. Waliomuuliza hali ya wagonjwa aliwaambia, "Wanaendelea vizuri. Mtoto ninamwangalia mimi. Musilete tena chakula." Na katika maneno hayo hapakuwa na uongo.

*

Simu iliwakuta Stockholm, kwenye daraja kati ya visiwa viwili. Aksanti alisema jambo moja tu, kama alivyoruhusiwa na Emerance: alivaa kitenge cha mama yake, akampungia Auntie Emerance aliyekuwa amesimama kwenye mvua.

Léocadie alirudisha simu mfukoni. Mbele yao mji ulikuwa umelala juu ya maji, nyumba za manjano na nyekundu, kengele zikilia mahali fulani. Hakuona hata kimoja.

"Alisimama pale tena," alisema. "Chini ya dirisha. Tumemsimamisha pale mara ya pili."

Balagizi alivua kofia, bila kujua kwa nini. Alitaka kusema kwamba hawakukusudia. Alitaka kusema ni pazia tu, ni mkono tu. Akakumbuka alivyosema chumbani kuhusu uongo wa kuumiza na usioumiza, na akaona haya mbele ya mkewe.

"Tumpigie sasa hivi."

"Kwa simu? Nimwambie kwa simu, nimkatie akilia? Hapana. Nitamwambia uso kwa uso."

"Na kanisani?"

"Wewe ndiye uliandika kwenye kundi."

Walitembea hadi jioni isiyoingia giza. Walikuwa na huzuni, na bado mji ulikuwa mzuri, na hilo nalo liliwatia aibu. Karibu na meli Balagizi alisimama. "Najua si haki," alisema, "lakini namshukuru Mungu nimeiona pamoja na wewe." Léocadie alimpa mkono wa kushoto, ule mzima, wakapanda.

*

Walitua Jumamosi. Nyumba ilikuwa safi, Aksanti amenona kidogo, na hakueleza. Jumapili walikwenda kanisani, ukumbi wa shule waliokodi kwa ibada. Pasta Ephraim alikuwa ameandaa shukrani ya kupona: meza yenye kitambaa cheupe, maua, na kwaya imesimama tayari. Emerance alikuwa kwenye kwaya. Hakuwatazama.

"Shemasi wetu na Maman Léocadie, njooni mbele mumshukuru Mungu!"

Vigelegele vilipigwa. Balagizi alishika kipaza sauti.

"Ndugu zangu. Sikuumwa. Mke wangu hakuumwa. Tulikuwa kwenye meli, tunatembea Ulaya. Tulilipa zamani, kabla ya corona. Niliona haya kuwaambia, kwa sababu nilisimama hapa nikawakataza raha. Nikaogopa maneno. Nikawadanganya nyote, nikamtuma mtoto wangu anidanganyie. Mumepika. Mumeniombea. Niko na deni ya kila mtu hapa."

Mahali fulani mtoto aliangusha chupa.

"Shemasi," sauti ya Papa Révérien ilitoka nyuma, "na tilapia wangu?"

"Wako kwenye friza."

"Na vichwa?"

"Na vichwa."

Mtu mmoja alicheka, halafu safu nzima, halafu ukumbi. Si wote. Mama mmoja alibeba mkoba wake, akatoka. Mwingine alisema kwa nguvu kwamba yeye alifunga siku tatu kavu kwa ajili ya mtu aliyekuwa anakula kwenye meli. Hakuna aliyemcheka huyo. Balagizi aliinamisha kichwa na kumwachia maneno yote.

Pasta Ephraim alingoja. "Utakaa nyuma mpaka Krismasi," alisema hatimaye. "Hutagawa meza ya Bwana, hutashika sadaka. Utapanga viti."

"Amina," Balagizi alisema, na aliimaanisha.

Léocadie alikuwa akitafuta uso mmoja tu. Lakini wimbo wa mwisho wa ibada ulipokwisha, mahali pa Emerance kwenye kwaya palikuwa patupu.

*

Emerance alikuja alasiri. Mvua ilikuwa imekwisha, nyasi bado zina maji. Léocadie alimwona kupitia dirishani, amesimama palepale, mwavuli haumo mkononi. Alitoka mbio, miguu mitupu.

"Maman Emerance, nilitaka nije kwako, nilitaka—"

"Nilijua," Emerance alisema. "Tangu siku ile. Nililala kwenye kitanda yako. Nimemlisha mtoto wako."

Léocadie akataka kupiga magoti kwenye matope.

"Usipige magoti. Sijaja kwa hiyo." Sauti ya Emerance ilikuwa kavu. "Nimekasirika, na nitakasirika bado. Kwa saa moja ulikuwa umekufa, unasikia? Nilikaa ndani ya gari na wewe umekufa."

"Ndiyo."

"Halafu haukufa." Alionyesha mlango kwa kidevu. "Rudi ndani. Funga."

"Maman?"

"Rudi ndani, Léo. Funga mlango. Halafu utoke. Bisimwa hakutoka."

Léocadie alimtazama. Akageuka, akapanda kizingiti, akaufunga mlango nyuma yake. Ndani, Balagizi na Aksanti walikuwa wamesimama. Alishika kitasa. Akafungua, akatoka kwenye mwanga, akashuka, akatembea juu ya nyasi hadi alipoweza kumgusa.

Emerance hakuondoa macho miguuni mwake, tangu kizingitini hadi pale. Midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti.

"Tena," alisema.

Léocadie akarudi ndani, akafunga mlango, akatoka tena.